Mafuta Yanayoganda Mgeta

Baridi ya Mgeta ilikuwa imegandisha mafuta kwenye ndoo. Theresia aliyachota kwa upawa, akayatia sufuriani.

Mumewe, Bonifasi, alikuwa hawezi tena kupanda hadi shamba lao la kabichi. Alichoka upesi, na ubavu wa kulia ulimuuma. Hospitali ya mjini walimpiga picha. Walisema ini lina mafuta mengi na limeanza kuvimba.

Majirani walidai anakunywa pombe kwa siri. Bonifasi hakuwahi kuionja.

"Kula, Baba Felista, upate nguvu," Theresia alisema. Mafuta yalielea juu ya mchuzi.

Mara nesi wa zahanati, Mwamvita, akapiga hodi.

"Karibu, nesi. Umekuja kula au kutukagua?"

"Yote mawili. Lakini mchuzi huu, mama, si nitaogelea!"

Theresia hakucheka. "Zamani tulipanga foleni kutafuta mafuta. Sasa kila duka linayo. Nimnyime mgonjwa?"

"Hukumnyima. Umemzidishia," Mwamvita alisema kwa upole. "Mafuta hayafanani. Haya yanayoganda yakizidi, ini huyaweka akiba mpaka linaelemewa na kuvimba. Ya alizeti ni afadhali, nayo utie kidogo. Samaki na dagaa wana mafuta mengine, yanayosaidia kutuliza uvimbe. Mwili unataka uwiano."

"Dagaa tena! Ninyi watu wa Kigoma, dagaa kwenu ni dawa ya kila kitu."

"Na ninyi Waluguru mnapakia maharage na karoti kwenye lori, ili watu wa Dar wapone!"

Hapo Theresia alicheka.

Kesho yake, kabla lori halijafika, alitenga mboga za nyumbani kwanza. Mafuta ya alizeti akayapima kwa kijiko. Dagaa hakuwakaanga, aliwachemsha kwa nyanya na vitunguu.

Bonifasi alinuna. "Mchuzi huu umekauka kama kiangazi."

Siku iliyofuata Theresia aliongeza tangawizi, na Bonifasi akamaliza sahani. Kubadili mkono uliozoea si kazi ndogo. Yeye aliubadili kila siku, bila makelele.

Masika yalipokwisha walirudi hospitali. Uvimbe ulikuwa umepungua. Daktari akawaambia waendelee hivyo hivyo.

Siku ya lori, Bonifasi alishusha tenga la kabichi mwenyewe kutoka shambani hadi barabarani. Jirani yake, Ernest, alimtazama.

"Kumbe umeacha pombe, ee?"

Bonifasi alitua tenga, akajifuta jasho.

"Sikuwahi kunywa, Ernest. Ukitaka kujua nafuu imetoka wapi, njoo ule kwetu. Kisha umshukuru aliyeshika mwiko."