Kelele za Ndege za Agapiti

Mimi Beno namjua mgeni wa nchi nyingine kabla hajafungua mdomo. Namnusa tu. Hapa Namawala hakuna aliyewahi kunidanganya.

Ndiyo maana nilimshuku Agapiti mapema. Alikodi shamba la mpunga jirani na letu. Mpunga ulipoanza kuiva, kila mtu alikwenda kufukuza ndege. Sisi tunapiga madebe. Yeye alipaza sauti: "Wiya-leee! Wiya-leee!"

"Hiyo si sauti ya Mtanzania," nikawaambia vijana. "Anawapa ishara wenzake."

Nikaandika kwenye kundi la simu la kitongoji: "Nchi kwanza! Mgeni atoke!"

Kufika jioni, watu hawakuitikia salamu yake. Anselim, mwenye shamba, akamwambia aondoke kabla ya mavuno. Na mpunga ule ndio chakula cha watoto wa Agapiti.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mama Marsiana, akatuita wote.

"Beno, ushahidi wako uko wapi?"

"Sauti yake, mama. Nani mwingine hapa anafukuza ndege vile?"

"Mimi," akajibu mtu nyuma. Alikuwa bibi yangu, Yosefina. "Nilivuka Ruvuma mgongoni kwa mama, tukikimbia vita Msumbiji. Hiyo sauti ni ya kwetu. Na wewe ni mjukuu wangu."

Agapiti akacheka kidogo. "Babu yangu naye alivuka, bibi. Mimi nimezaliwa Tunduru."

Nikaanza kuzikagua kandambili zangu.

"Kuipenda nchi ni vizuri," akasema Mama Marsiana. "Lakini kuna nchi watu walianza hivihivi, 'Wewe wa wapi?' Wakafukuza wageni. Wageni walipokwisha, wakageukiana wao kwa wao. Masoko yakafa, shule zikafungwa. Ukimshuku mtu, njoo kwangu tuulize kwa utaratibu. Usimhukumu kwenye simu."

Anselim akamwomba Agapiti radhi. Tangu hapo tukafukuza ndege pamoja, shamba lake na letu. "Wiya-leee!" Akavuna mpunga wake wote.

Siku ya kupiga mpunga walikuja watu wa kijiji cha Idete kusaidia. Nikawasimulia: "Huyu Agapiti walitaka kumfukuza. Mimi ndiye niliyemtetea tangu siku ya kwanza. Mtu mwema namnusa tu!"

"Beno," Bibi akaita kutoka kwenye turubai. Akaninyooshea simu yake mbele ya wote. "Hebu nusa na hii."

Maneno yangu yalikuwa bado humo: "Nchi kwanza! Mgeni atoke!"