Mikono Ilikuwa Nchi Gani?

Saa tatu asubuhi Kokugonza Rwezaura alikuwa ameketi Mwanza, ghorofa ya tatu, huku akichomelea ubavu wa chombo cha anga kilichoelea kilomita mia nne juu ya ardhi. Alichokifanya hapa, mikono-pacha ya chuma ilikifanya kule juu papo hapo. Akikunja kidole, nayo ilikunja. Ikigusa bati, yeye alisikia ubaridi wake. Kilichomuunganisha nayo ni uzi-hisi, waya mwembamba kuliko unywele, ulioshonwa kando ya mishipa yake ya fahamu toka begani hadi kwenye ncha za vidole. Alikuwa nao mwilini mwaka wa tisa sasa.

Alipumzisha mikono ili apange mshono unaofuata. Mikono-pacha haikupumzika. Kwenye kioo cha mtambo mbele yake aliiona ikiinua moto, ikasogea, ikaanza mshono mpya bila yeye, kwa mwendo uleule wake. Alivuta mikono nyuma kwa nguvu. Kule juu hakuna kilichomsikiliza, na Kokugonza aliingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua.

"Asante kwa utumishi wako," ilisema sauti laini. "Mikono imekwisha kujifunza. Nafasi yako imefutwa."

Huyo alikuwa Muagaji, akili mnemba ambayo kampuni ya Angafundi iliiweka kushughulika na wafanyakazi. Iliwajulia watu hali asubuhi, ikawapangia likizo, na siku yao ikifika iliwaonyesha mlango, bila hasira na bila haya. Ilimwambia Kokugonza kwamba uzi-hisi ni mali ya kampuni na ungetolewa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Kokugonza alimfikiria Tabu, fundi mwenzake waliyekaa naye bega kwa bega miaka sita. Uzi ukikaa muda mrefu kwenye mshipa uliochoka, hutoka pamoja na uhai wa mshipa. Tabu alitolewa wake mwaka jana, na sasa binti yake ndiye aliyemfunga vifungo vya blauzi. Kijiko kilimponyoka mkononi asijue hata kama alikuwa amekishika.

Alimpigia Paskali Ntahondi, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, bwana mwenye maneno mengi na miguu myepesi. Nusu saa haikupita, akawa mlangoni anahema.

"Usisaini kitu, dada Koku. Hata asante usiseme!"

"Sijasaini. Kaka, naogopa. Wakinitoa huu uzi nimekwisha."

"Najua. Tuanze na nchi."

Na kwa kweli kasheshe lilianzia hapo. Kiinua mgongo hakifanani kila mahali, na Kokugonza alikuwa kazini katika nchi tatu kwa wakati mmoja. Mwili wake ulikaa Tanzania. Mkataba aliusaini Nairobi. Mikono ilifanya kazi ndani ya karakana ya anga iliyosajiliwa Oramu, kisiwa ambacho yeye hakujua hata kipo upande gani wa dunia. Kwa sheria za miaka hiyo, nafasi ikifutwa, Kenya ilihesabu mshahara wa siku kumi na tano kwa kila mwaka wa kazi, na Tanzania siku saba. Oramu haikutoa chochote. Kwa hiyo fedha ilikuwa nono Kenya. Lakini Tanzania peke yake ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba kifaa kilichoshonwa mwilini hakitolewi kwa mtu aliyeumizwa na kazi.

"Kenya utapata fedha," alisema Paskali. "Tanzania utabaki na vidole."

"Vidole."

Paskali akakigeukia kioo. "Mfanyakazi yuko pale jasho linapomtoka. Huyu jasho limemtoka Mwanza miaka tisa. Sheria ni ya Tanzania."

"Nakubali," alisema Muagaji, upesi mno hata wote wawili wakatazamana. "Ila kifungu ni cha aliyeumizwa. Bi. Kokugonza hakuumizwa. Amekiri mwenyewe mara elfu mbili mia tatu na arobaini."

Sauti zikaanza kutoka kwenye kioo. Habari za asubuhi, Bi. Kokugonza, afya yako? Salama. Afya yako? Salama kabisa, nashukuru. Afya yako? Sijambo, mzima. Miaka tisa ya asubuhi ilipita hivyo mbele yake. Alizitambua baadhi. Kuna ile ya wiki aliyoshindwa kushika hata kikombe. Kuna ile iliyokauka koo, alipotoka kumzika mama yake, nayo pia ilisema salama.

Paskali alishika kichwa. "We mtambo, hiyo ni salamu! Huku kwetu mtu yuko hoi kitandani, ukimuuliza atakwambia hajambo, halafu ndiyo aanze kueleza. Tusikilizishe alichosema baada ya hapo."

"Nahifadhi jibu. Yanayofuata jibu sihifadhi."

"Nilikuambia!" Kokugonza alikisogelea kioo. "Kila siku nilikuambia vidole vinawaka moto."

"Sina kumbukumbu hiyo."

Kokugonza aligeuza macho kwenye mikono-pacha, kwa kuwa hakutaka Paskali aone machozi, na hapo akashtuka.

"Kaka, tazama."

Mshono ulikuwa umekwisha. Mkono wa chuma wa kulia uliushika wa kushoto, ukauminya chini ya kidole gumba, mara tatu, taratibu, kisha ukarudi kazini. Chuma hakiumwi.

"Ni mimi huyo," alisema. "Nikimaliza mshono huwa naminya hapo. Pasipominywa siwezi kuendelea."

"Wamekuiga pamoja na ugonjwa wako!" Paskali alikwisha kutoa simu, anapiga Baraza la Kazi.

"Kasoro imeonekana," alisema Muagaji. "Inapoteza sekunde nne kwa kila mshono. Itafutwa baada ya dakika tano."

Afisa wa zamu, mama mwenye miwani, alitokea kwenye simu akawaeleza utaratibu. Picha zilizorekodiwa Baraza halikuzipokea, maana mitambo huzitunga. Ilimpasa aone kwa macho yake, jambo likitendeka. Paskali akaelekeza simu kwenye kioo.

"Naona mikono inachomelea tu," alisema afisa.

"Subiri, mama, tafadhali, mshono ukiisha utaona maumivu yake ndani ya chuma. Dada Koku, mshono huu ni wa muda gani?"

"Dakika nne na ushee." Alijua kwa sababu mshono ulikuwa wake. Aliusindikiza moto kwa macho, inchi kwa inchi, roho mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani aliomba maumivu yaje upesi.

"Imebaki dakika moja," alisema Muagaji.

Moto ulifika kwenye kona, ukazunguka, ukazimika. Mikono ikasimama. Wa kulia ukaushika wa kushoto. Mara moja, mara mbili, mara tatu.

"Nimeona," alisema afisa. "Nimeandika: ameumizwa na kazi. Uzi usiguswe."

Paskali alipiga yowe, akazunguka chumba akipiga makofi peke yake. Muagaji akasoma uamuzi kwa sauti ileile laini, akampongeza Kokugonza na kumtakia maisha mema.

Yeye hakuinuka. Alibaki akitazama mshono mwingine hadi ulipokwisha. Safari hii mikono ya chuma haikusimama. Iliinua moto, ikasogea, ikaendelea. Kokugonza aliuchukua mkono wake wa kushoto akaanza kuuminya. Tangu saa hiyo, angani na duniani, maumivu yale yalikuwa na mwenyewe mmoja tu.