Mtaro Uliofunikwa Mbao

Mvua ilipoanza, fundi cherehani alipandisha vitambaa vya wateja juu ya kabati. Maji machafu yalikuwa yameshaingia dukani. Mtaro wa mtaa ulikuwa umeziba tangu mwaka juzi.

"Mke wangu, cherehani yako itaota magamba," mumewe alimtania, ndoo mkononi.

Fundi hakucheka. Gauni la bibi harusi lilikuwa limelowa pindo. Wateja wengi walishamkimbia. Msimu mwingine kama huu, angefunga duka.

Mvua ilipokatika akaja wifi yake, karani wa halmashauri. "Wifi, kesho wanakuja watu wa tathmini. Wanapima kama halmashauri yetu inaiweza kazi yake. Wakikuuliza, sema mambo ni shwari. Usituvue nguo mbele ya wageni."

"Tufanye kama mwaka jana?"

"Vilevile."

Mwaka jana mtaa mzima ulifagia, ukafunika mtaro kwa mbao, ukajibu "vizuri sana" kwa kila swali.

Kesho yake, mtaro ukiwa umefunikwa tena kwa mbao, mtathmini, mama wa makamo mwenye miwani, aliingia dukani. Wifi alisimama mlangoni, macho yake yakiomba.

"Huduma ya mitaro ikoje, fundi?"

"Vizuri sa..." Fundi akasita.

Mgeni aliitazama tepu ya kupimia shingoni mwa fundi. "Mteja akibana tumbo unapompima, inakuwaje?"

"Nguo haimtoshi. Na lawama ananitupia mimi!"

"Na sisi ni hivyohivyo. Hatukuja kumgombeza mtu. Tunatafuta upungufu. Wafanyakazi wanatosha? Vifaa vipo? Wananchi wakiandika barua, wanajibiwa? Mwaka jana mlibana tumbo. Halmashauri ikaonekana imekamilika, basi haikuongezewa kitu."

Fundi alinyanyuka. "Nifuate, mama."

Nje, aliziondoa mbao moja baada ya nyingine. Harufu ikapanda. "Nimeandika barua tatu. Sijajibiwa hata moja."

Wifi aliinamisha kichwa. Kisha akasema, "Ninazo mimi, kwenye faili. Hakuna aliyepangiwa kuzijibu. Na fundi wa mitaro ni mmoja kwa mitaa arobaini. Niliogopa kuonekana mzembe."

"Umeonekana mkweli," mtathmini alisema, akaandika yote.

Matokeo yalisomwa mbele ya wananchi: alama nne kwa kumi. Watu waliguna. Lakini safari hii kila pengo lilikuwa na jina, na kila jina lilipata mpango. Waliajiriwa mafundi wa mitaro watatu. Wifi alikabidhiwa daftari la barua: kila barua ijibiwe ndani ya siku kumi na nne. Ya kwanza kujibiwa ilikuwa ya fundi cherehani. Juma lililofuata mtaro ulizibuliwa.

Mvua kubwa ikarudi. Maji yalipita mtaroni yakivuma, dukani halikuingia hata tone. Cherehani ililia bila kupumzika.

"Sasa ndoo hii niifanyie nini?" mumewe aliuliza.

"Fulia soksi zako!"

Wifi aliingia akicheka, viatu vikavu, akitaka gauni jipya. Fundi alimzungushia tepu kiunoni, akamkazia macho.

"Wifi, achia tumbo!"