Toleo la Ishirini

Yaliyompata dada yangu sikuyaokota mtaani. Alinieleza mwenyewe, amekaa jikoni na viatu miguuni, hana hata nguvu ya kuvivua.

Kazi yake ni programu za pampu za dripu hospitalini. Wakibadilisha kitu, mtambo wa kompyuta ofisini kwao hutengeneza toleo jipya na kulibandika namba: la kumi na saba, la kumi na nane, mfululizo, ili wodini wajue lipi ni lipi. Zamani namba hizo alizibandika kwa mkono mwenzake mmoja waliyemwita Babu, kwa mvi zake na ubishi wake. Babu alipofariki na kuzikwa kwenye udongo mwekundu wa makaburini, dada akaachiwa kazi ya watu wawili. Akaufundisha mtambo ubandike wenyewe, walau apate kupumua.

Jumatatu moja asubuhi, majuma matatu baada ya mazishi, alituma kazi yake kama kawaida. Mtambo ukaikataa. Toleo la ishirini, ukasema, lipo tayari.

Akaulizia ofisi nzima. Hakuna aliyelitengeneza. Akatazama jina la mtengenezaji.

Babu.

Na akaunti ya Babu, dada ndiye aliyeifunga baada ya mazishi.

Mkuu wao, bila kuinua macho, akasema ni hitilafu tu, afute waendelee. Akafuta. Akatuma tena. Lipo. Akafuta. Lipo. Mara ya tatu hakulifuta. Akalifungua, akalilinganisha na la kwake, mstari kwa mstari.

Yalifanana yote, isipokuwa mstari mmoja. Wa kwake ulikuwa na kosa. Nukta ya desimali ilikaa pasipo pake. Mtoto wa kupewa tone moja angepewa kumi.

Hakulia. Aliniambia uchovu ulimwingia hadi kwenye meno.

Akasahihisha, mtambo ukabandika ishirini na moja, kisha akapiga simu wodi ya watoto kuwaarifu kwamba toleo jipya liko njiani.

"Jipya lipi tena?" muuguzi akauliza. "Si mlishaleta la ishirini? Pampu zote zinalo tangu jana."

"Nani alileta?"

"Mzee wenu, yule mwenye mvi." Muuguzi akashusha sauti. "Dada, mpumzisheni jamani. Nilimpa kiti, akakataa. Akasema amelala vya kutosha."

Dada hakuaga mtu. Alikwenda hospitali kwa miguu, akaingia wodini. Watoto walikuwa wamelala, dripu zinadondoka polepole, sawasawa. Muuguzi alikuwa anapita na pamba na spiriti, kitanda hadi kitanda, amechoka kama yeye.

Kwenye kitufe cha kila pampu palikuwa na alama ya kidole. Udongo mwekundu. Muuguzi akasema anazifuta tangu alfajiri.

Dada akagusa moja.

Ilikuwa bado mbichi.