Wakili Alimtaka Mwenye Mkono

Huko katika kijiji cha Akheri, asubuhi ya mavuno, nyumba ya mzee Sadoki ilikuwa na shughuli nyingi. Mkewe Tabea alichuma kahawa, na mzee alikata ndizi. Mwana wao Anaeli alikaa tu. Mapema mwaka ule alipasua mbao katika kiwanda kimoja mlimani, mpaka msumeno ulipomkata mkono wa kulia. Mwenye kiwanda alisema ni uzembe wake mwenyewe, akamfukuza bila fidia. Tangu hapo kijana alisema kidogo sana, na baba yake akamsemea kila jambo.

Siku hiyo Philemoni, fundi cherehani wa Kaloleni mjini, alipanda kununua ndizi. Mchaga huyu hupenda kuuliza mpaka mtu anachoka. Alipokwisha kusikia kisa chote alisema, "Mzee, ipo sheria ya watu wanaoumia kazini. Tafuta wakili."

Sadoki alitaka kujua. Wakili ni karani? Ni hakimu? Philemoni akaeleza kwamba ni mtu aliyesomea sheria, naye humtetea mtu mahakamani. Lakini wapo wajanja wanaokaa nje ya Boma, penye ofisi za serikali, wakijiita mawakili.

"Kwanza muulize karani wa mahakama kama anamjua wakili wa kweli," alisema. "Kisha muulize wakili mwenyewe kama ameshika kesi za namna hii, na malipo yake yakoje. Usione haya."

Sadoki alivaa koti la kanisani, akashuka mjini. Alimwacha Anaeli nyumbani. Katika nyumba ile neno zito hupelekwa na baba, na mwenye shida hukaa akingoja. Mimi nashangaa, lakini ndivyo walivyozoea.

Karani alimtajia wakili mmoja, Mhindi wa makamo. Mzee aliuliza maswali yake yote, akajibiwa vizuri. Ikawa zamu ya wakili. Je, msumeno ulikuwa na kifuniko cha kukinga mikono? Nani aliona ajali? Mzee hakujua hata moja.

"Aliyeumia yuko wapi?"

"Yuko nyumbani. Mimi ndiye baba yake."

"Baba nimemwona," alisema wakili kwa upole. "Sasa namtaka mwenye mkono."

Sadoki aliona aibu njia nzima.

Kesho yake walishuka wawili. Wakili alipouliza, Anaeli alimtazama baba yake. Baba alinyamaza, na kunyamaza kule kulimgharimu sana. Ndipo kijana akasema, "Msimamizi alitoa kifuniko ili kazi iende haraka. Mwenzangu Lerionka aliona."

"Hilo litasaidia," alisema wakili. "Lakini hata bila hilo usingepaswa kukata tamaa. Sheria hii haianzi kwa kuuliza kosa ni la nani. Huuliza kama uliumia ukiwa kazini. Ila madai hayapaswi kucheleweshwa."

Mwenye kiwanda alibisha. Mahakama ikamsikiliza Anaeli, ikamsikiliza Lerionka, kisha ikaamuru fidia ilipwe. Anaeli akanunua ng'ombe wa maziwa, na Tabea akafurahi kumwona akiamka mapema tena.

Baadaye majirani walikutana kwa Sadoki kupanga zamu za mfereji wa maji. Mmoja wao akamuuliza mzee kama mwanawe ataweza kuusimamia mfereji.

Sadoki alifungua kinywa, akakifunga.

"Yeye huyu hapa," alisema. "Muulizeni mwenyewe."