Pongo Chini ya Mchai

Ndwiga wa Kibugu alikuwa akipogoa michai yake karibu na msitu. Mkewe, Wawira, alikuwa nyuma yake akikusanya matawi. Mara panga likagonga kitu laini. Chini ya mchai alilala mtoto wa pongo, yule paa wa msituni mwenye madoa meupe. Hakukimbia. Mguu wake wa nyuma ulivuja damu.

"Maskini! Ametupwa na mama yake," alisema Wawira. "Twende naye nyumbani."

"Na watu wakiuliza juu ya hili jeraha?"

"Tutasema ni mbwa."

Wawira alimfunga kamba jikoni na kumnywesha maziwa ya ng'ombe. Watoto wakambeba huku na huku. Kesho yake Wawira alikwenda naye hadi kituo cha kupimia majani ya chai. "Nilimtoa mdomoni mwa mbwa!" alitangaza. Wachumaji wenzake wakamsifu, naye akavimba kichwa. Sifa ni tamu, bwana! Lakini pongo alikuwa akiharisha, na shingo yake ilikuwa imelegea.

Karani wa kituo aliona hivyo, akampigia simu Daktari Celina, daktari wa wanyamapori. Daktari alipofika kwa Wawira siku iliyofuata, majirani walijaa uani kutazama.

"Mama, mnampa nini?"

"Maziwa, Daktari. Ya ng'ombe wetu, freshi kabisa."

"Ndiyo maana anaharisha. Tumbo lake haliyawezi. Na jeraha?"

"Mbwa," alijibu Wawira upesi.

Celina, aliyekuwa akimpapasa pongo, akaondoa mkono. "Mbwa wa nani? Amechanjwa?"

"Ni wa kupita tu."

"Basi kuna shida. Huenda ana kichaa cha mbwa. Siwezi kumweka na wanyama wengine. Itabidi nimdunge sindano afe. Na watoto wote waliomshika waende hospitali leo."

Wawira alimtazama Ndwiga. Ndwiga akatazama viatu vyake. Wale waliomsifu jana walikuwa hapo hapo, wakingoja. Aibu ilimpanda Wawira hadi masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini akinyamaza, mnyama atakufa kwa uongo wake.

"Si mbwa," alisema. "Ni panga letu. Niliona haya, nikadanganya."

"Ngai! Mungu wangu!" mtu mmoja akaguna. Wengine wakacheka.

Celina hakucheka. Alianza kuosha jeraha. "Afadhali umesema, Mama. Lakini hakutupwa. Pongo humficha mtoto wake, huenda kula, kisha humrudia. Mtoto hulala tuli hata adui akikaribia. Ukimkuta mzima, usimguse, ondoka. Akiwa ameumia, mweke mahali penye giza na kimya. Usimlishe. Tuite mara moja."

"Kwa hivyo mama yake alirudi akamkosa?"

"Bila shaka alirudi."

Wawira akafunika uso kwa leso.

"Tena amezoea watu," Celina aliendelea. "Akirudi msituni hivi, atamwendea hata mwindaji. Kwetu atalishwa na mtu mmoja tu, bila kusemeshwa. Usije kumtembelea."

Hilo lilimuuma Wawira, lakini alikubali. Tangu siku hiyo Ndwiga huinama na kuchungulia chini ya kila mchai kabla ya kupogoa. Naye Wawira aliwafundisha wachumaji pale kituoni. Kila mara alianza na ule uongo wake, na kila mara uso ulimwaka.

Mvua zilipokwisha, Celina alimwita kando ya msitu. Mlango wa sanduku la kubebea wanyama ulifunguliwa. Pongo akatoka, amenenepa, hachechemei. Wawira alijisahau. Akapiga hatua mbele, akanyoosha mkono.

Pongo alishtuka, akabweka mara moja, akatokomea msituni.

"Amenikimbia," alisema Wawira. Machozi yalimtiririka, naye alikuwa akicheka. "Daktari, umeona? Amenikimbia! Mungu asifiwe!"