Kifuniko cha Chupa ya Chai

Kila siku ya likizo, akishaosha vyombo na kufagia uwanja, Kidole alifuatana na shangazi yake hadi kiwandani. Hakuweza kupita kitu bila kukigusa, ndipo shangazi akambandika jina hilo, nalo likamganda.

Kiwanda kilikuwa kidogo. Magunia ya manyoya ya kuku yaliingia kwa lango la nyuma, na kwa lango la mbele yakatoka madumu ya maji ya hudhurungi, ya kuchanganya na chakula cha mifugo. Katikati lilisimama tangi la chuma, refu kuliko nyumba yao. Aliyelihudumia ni baba yake Kidole. Mkono wake wa kushoto, toka kiganjani hadi kwenye kiwiko, ulikuwa na kovu linalong'aa. Hakupenda kuulizwa habari zake.

"Unyoya ni kama shanga zilizotungwa kwenye uzi," shangazi alimweleza siku moja katika chumba cha vipimo. "Tunauchemsha kwa soda kali na maji mpaka uzi ukatike. Kukatika huko ndiko kunaitwa hidrolisisi. Shanga zinazobaki ni asidi amino."

"Halafu?"

"Halafu tunatia asidi nyingine, kupunguza ukali wa soda. Hapo kila shanga inadaka chaji, yaani chembe ya umeme kutoka kwenye asidi, na ikidaka inatoa joto. Shanga moja si kitu. Lakini mle tangini zimo nyingi kuliko mchanga wa uwanja wetu."

"Sasa mbona unapimia kwenye chupa ya chai?" Kidole akacheka.

"Cheka tu. Chupa hii inatunza joto. Ikiniambia joto limepanda sana, baba yako anamimina asidi kidogokidogo, huku bomba la maji ya kupoozea likifanya kazi. Likipanda kidogo, anamimina haraka."

Shangazi alimvalisha miwani ya kukinga macho, akamimina asidi kwenye chupa yenye mchanganyiko wa tangini, akaifunga kwa kifuniko kilichopitishwa kipimajoto. "Soma kila dakika, uandike. Na hicho kidole chako kikae mfukoni!" Mara akaitwa langoni kupokea magunia.

Ishirini na saba. Ishirini na tisa. Thelathini na moja. Ndani ya chupa kitu kilihema, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kidole alitazama mlangoni. Akainua kifuniko.

Hakuona kitu, ila mvuke unaonuka. Akakirudisha upesi, lakini kipimajoto kilikuwa kimeteleza juu. Ncha yake haikufika tena kwenye mchanganyiko. Namba ikaanza kushuka. Thelathini. Ishirini na tisa. Akiandika hivyo, shangazi atajua. Akaandika: thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na mbili.

"Limeishia hapo tu?" shangazi alishangaa aliporudi. Alisoma daftari, akasita kidogo, kisha akaita dirishani: "Kaka! Manyoya ya leo mapole. Bomba liache, wewe mimina tu!"

"Afadhali!" baba akajibu. "Leo nitawahi ile chai yako isiyo na sukari."

Alipanda ngazi na dumu la kwanza la asidi. Tangi likaguna. Alipoona uso wa mwanawe kwenye kioo cha dirisha, alipunga ule mkono wenye kovu. Akamimina la pili. Mfuniko wa tangi ukaanza kugongagonga, tak, tak, tak, na mvuke mwembamba ukajipenyeza pembeni. Baba hakuuona, kwani alikuwa ameinama kuchukua dumu la tatu.

Kidole alimvuta shangazi nguo. Tak-tak-tak-tak.

"Shangazi, nilifungua! Namba za mwisho ni za uongo!"

Shangazi alirukia ukutani. Alibonyeza swichi ya bomba, akapiga kelele: "Kaka, shuka! Acha dumu, shuka!"

Baba aliteremka mbiombio. Mguu wake ulikuwa haujatulia sakafuni pale povu la moto lilipofurika juu, likamwagika kwenye kidato cha ngazi alichokuwa amesimama, likifuka mvuke.

Walingoja wote watatu nje mpaka tangi lilipoacha kugonga. Kisha shangazi akarudia kipimo mwenyewe. Arubaini na sita.

"Na mimi nina kosa," alisema polepole. "Niliona namba tatu zinafanana, nikasita, nikanyamaza. Kipimo cha kutegemewa na mtu kinarudiwa."

Kidole alikuwa analia. Baba akachuchumaa mbele yake, akamwonyesha kovu lile.

"Unajua nililipataje? Kuna mtu alisoma kipimo vibaya, akaona haya kusema."

"Nani, baba?"

"Mimi." Alimfuta machozi. "Na mimi sikusema kabisa. Wewe umesema. Umechelewa, lakini umesema, na ndiyo maana nipo hapa mzima. Kukosea si mwisho wa dunia, mwanangu. Ukificha kosa lako, unamwachia mwenzako aungue."

Shangazi alimpa Kidole kalamu. Naye akazikata namba zile tatu kwa mstari, akaandika kando yake: Nilifungua kifuniko.

"Vizuri," shangazi alisema. "Kesho utasoma tena. Mimi nitakuwa hapohapo."